Teksi ya kwenda Grays: kisa cha mama aliyeona mapema

Jumapili ya tarehe 16 Februari 2014, mvulana wa miaka 14 aitwaye Breck Bednar alimwambia baba yake kwamba anakwenda kulala kwa rafiki yake, karibu na nyumbani. Shule zilikuwa zinaanza mapumziko ya katikati ya muhula, na mzazi gani angeshtuka kusikia hivyo? Lakini Breck hakwenda kwa rafiki wa karibu. Alipanda teksi kutoka upande wa Caterham, mji mdogo wa Surrey kusini mwa London, akavushwa ng'ambo ya mto Thames mpaka Grays, Essex, mwendo wa kilomita kama 50. Teksi hakuiita yeye wala hakuilipia. Ilipangwa na kulipwa na mtu aliyemjua kwa sauti tu, sauti ya kwenye hedifoni.

Kwetu tungesema alitumiwa nauli.

Kesho yake Breck aliuawa katika nyumba ya huyo mtu.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hakina mzazi mzembe. Visa tunavyosimuliana kuhusu watoto na mitandao huanza karibu vyote na mzazi aliyekuwa hajui: simu alimpa mtoto ili apate utulivu, akaja kugundua mambo yameshaharibika. Hapa mama alijua. Alijua miezi kabla, akalisema kwa jina lake, akachukua hatua, akapiga simu polisi miezi miwili kabla ya ile teksi. Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi nafuatilia, wangu yuko salama," namrudisha kwa Lorin LaFave, mama yake Breck. Alifuatilia kuliko wengi wetu.

Breck alikuwa mtoto wa kompyuta. Alikuwa mkubwa kwa ndugu wanne, hao watatu waliomfuata wakiwa mapacha. Wazazi walikuwa wameachana, lakini wote wawili walikuwemo katika malezi yake. Jioni alicheza gemu mtandaoni na kundi la wavulana, na wengi kati yao mama aliwafahamu, ni watoto wa mazingira yaleyale. Hilo lilimtuliza, na lingenituliza hata mimi. Walikutana katika seva ya mazungumzo ya sauti, yaani chumba cha mtandaoni cha kuongelea: kila mmoja nyumbani kwao na maikrofoni yake, wakicheza, wakicheka, wakipigiana kelele kama watoto wa barazani.

Seva ina mwenyewe. Hapa ndipo wazazi wengi tunapokwama, kwa sababu tunaiona kompyuta na hatuoni mlango. Mwenye seva ndiye mshika mlango: anaamua nani aingie, nani anyamazishwe, nani afukuzwe mbele ya wenzake. Kwa mvulana wa miaka 14, kufukuzwa kwenye kundi ni adhabu nzito kuliko fimbo ya shuleni. Na mshika mlango wa kundi hili alikuwa Lewis Daynes, kijana wa miaka 18 asiye na ajira, aliyeishi peke yake katika nyumba ya kupanga huko Grays. Wavulana hawakulijua hilo. Kwao alikuwa bingwa wa kompyuta, tajiri, mwenye kampuni yake, aliyewahi kufanya kazi kwa serikali ya Marekani. Alijua kurekebisha vitu, alijibu maswali yao, alikuwa hewani muda wote. Mtu mzima gani katika maisha ya mtoto yuko hewani muda wote?

Kwa simulizi ya mama, mabadiliko hayakuanza na jambo chafu. Yalianza na kazi za nyumbani. Breck, aliyekuwa mtoto wa kusikia, alianza kubisha: kwa nini aoshe vyombo, kwa nini aende kanisani, kwa nini amalize shule wakati kuna njia ya mkato ya kuingia kwenye kazi za kompyuta. Mama alisikia maneno ya mtu mwingine kinywani mwa mwanawe. Akawa anasikiliza sauti zinazotoka chumbani, na ile moja haikumkalia sawa. Ilikuwa ya mtu mkubwa kuliko wenzake, na kila mara ilikuwa na jibu.

Nataka tusimame hapa, maana hapa ndipo kazi nzima ya kumrubuni mtoto inapofanyika. Tukisikia kurubuni tunafikiria picha za utupu, matusi, maombi ya aibu. Hayo huja baadaye, na mara nyingine hayaji kabisa. Kinachotangulia ni urafiki, kisha sifa, kisha siri ndogo isiyo na madhara, kisha kumpunguza mzazi machoni pa mtoto. Mama yako anakubana. Mama yako hajui teknolojia. Wewe una akili kuliko wao. Maneno haya mtoto wa miaka 14 anataka kuyasikia hata yasingesemwa na mtu yeyote mbaya, kwa kuwa ni umri wa kutaka kutoka chini ya kwapa la mama. Anayerubuni haongezi hamu mpya kwa mtoto. Anaikuta ipo, anaipanda kama farasi.

Sasa fikiria mama anafanya lililo sahihi. Anapunguza saa za kucheza. Anamkataza kuingia kwenye ile seva. Anachukua vifaa. Anazungumza na wazazi wa wenzake. Kila hatua hiyo, njema na ya lazima, inageuzwa ushahidi: unaona? Si nilikuambia anakubana? Mtego ulitegwa kabla, kwa namna ambayo ulinzi wa mama unaukaza. Nikizungumza na wazazi kuhusu kisa hiki, swali la kwanza huwa ni "kwa nini hakumnyang'anya kompyuta?" Alimnyang'anya. Mawasiliano yakahamia kwenye siri.

Sisemi kwamba kunyang'anya ni kosa. Nyumba inapoungua unafunga gesi kwanza. Ninachosema ni kwamba kifaa kikishaondolewa, mtoto anabaki na pengo lenye umbo la mtu. Rafiki aliyemwamini kuliko wote amekatwa, na aliyemkata ni wewe. Usipolijaza pengo hilo siku hiyohiyo, kwa muda wako, kwa mjomba anayempenda, kwa mpira, kwa mtu mwingine anayejua kompyuta na asiye na nia mbaya, atarudi kwa yule yule kwa mlango wa uani. Na mazungumzo ya kumwonyesha kwamba rafiki yake ni mwongo hayaendi kwa siku moja. Kumwambia mtoto "huyo ni mtu mbaya" ni kumlazimisha achague, naye ameshaandaliwa kuchagua upande wa pili. Yapo maswali yanayobomoa polepole zaidi: Umewahi kumwona uso? Kampuni yake inaitwaje, iko wapi? Mtu mwenye kampuni kubwa anapata wapi saa sita kila siku za kucheza na watoto wa sekondari? Kwa nini hataki mimi nijue? Mtoto anaweza asijibu. Lakini swali likishaingia, linamfuata mpaka kitandani.

Desemba 2013 Lorin LaFave aliwapigia simu polisi wa Surrey. Hakusema "mwanangu anacheza gemu sana." Alisema anaamini mwanawe anarubuniwa, na akampa mpokea simu jina la mtu anayemshuku.

Jina hilo lilikuwa tayari kwenye kumbukumbu. Mwaka 2011 Daynes aliwahi kutuhumiwa na kijana mwingine kwa ubakaji na unyanyasaji wa kingono. Hakufikishwa mahakamani, lakini tuhuma iliandikwa, na kompyuta ya polisi ya taifa ingeionyesha kwa mtu aliyeandika jina lile na kubonyeza kitufe. Hakuna aliyebonyeza. Taarifa haikufanyiwa kazi, wala haikufika kwa polisi wa Essex, ambako mtuhumiwa aliishi.

Baadaye chombo huru cha kusimamia malalamiko dhidi ya polisi kilichunguza, kikaona kwamba waliopokea taarifa ile hawakuwa na ujuzi wa kutosha kuhusu kurubuniwa kwa watoto. Polisi wa Surrey wakaiomba familia radhi na kuilipa fidia mwaka 2016. Nimelifikiria sana hili la ujuzi. Kwa sikio lisilofundishwa, simu ya mama ilisikikaje? Mvulana, si msichana. Kijana wa miaka 18, si mzee. Hakuna picha, hakuna tusi, hakuna miadi. Kuna gemu, kuna mtoto anayebishana na mama yake, na kuna mama mwenye wasiwasi. Kila kipande kikishikwa peke yake ni chepesi. Aliyefundishwa angesikia kingine kabisa: mtu mzima kiumri, mwenye mamlaka juu ya kundi la watoto, anayetoa ahadi za kazi na utajiri, anayemtenga mmoja wao na wazazi wake. Hapo pana uzito wa kutosha kufungua faili.

Usiku wenyewe sitausimulia kwa kirefu, na sidhani kuna mtoto anayelindwa na picha ile. Kwa maelezo ya mama, Breck alivutwa kwa hadithi kwamba mwenye seva ni mgonjwa sana na anataka kumkabidhi kampuni. Yaani alikwenda kwa kuamini kwamba anaaminiwa. Baada ya mauaji, Daynes alipiga simu ya dharura mwenyewe, kwa sauti iliyotulia, akadai kulikuwa na ugomvi. Kompyuta na vifaa vyake alikuwa amevitumbukiza kwenye maji. Kesi ilipofika mahakama ya Chelmsford alikiri kuua, na Januari 2015 akahukumiwa kifungo cha maisha, asifikiriwe kuachiwa kabla ya miaka 25. Jaji alisema ana hakika mauaji yale yalisukumwa na nia ya kingono au ya kufurahia ukatili. Hadithi ya ugomvi ikaishia hapo.

Ukikaa chini na kisa hiki unaona kwamba karibu kila kitu kilijulikana, ila hakikujulikana na mtu mmoja. Mama alikuwa na jina na mwenendo. Polisi walikuwa na tuhuma ya 2011. Wavulana wenzake walikuwa na masikio: walisikia ahadi, walisikia uongo ukibadilika, walijua nani anapendelewa. Baba aliambiwa habari ya kulala kwa rafiki, na hakuwa na sababu ya kuitilia shaka. Simlaumu hata kidogo. Ila kwa familia ambazo mtoto anakwenda huku na huku kati ya nyumba mbili, jambo hili dogo lina maana: katazo la nyumba moja lijulikane nyumba ya pili, na "nalala kwa fulani" ithibitishwe kwa simu ya mzazi kwa mzazi. Kwetu, ambako mtoto analelewa na bibi wiki hii na shangazi wiki ijayo, tuna nyumba zaidi ya mbili. Bibi naye aambiwe.

Kuna mazoea mawili ya kwetu ambayo kisa hiki kinayavunja.

Tanzania tuna neno fataki. Kampeni za redio zililipeleka kila kijiji: mwanaume mtu mzima mwenye vihela, anamvizia mwanafunzi wa kike kwa chipsi na lifti. Lilifanya kazi kubwa, jirani akapata neno la kumnyooshea mtu kidole. Lakini picha ile imetubakia kichwani, na fataki wa mtandaoni hafanani nayo. Anaweza kuwa na miaka 18, sauti ya kirafiki, anajua gemu lile kuliko watoto wote, na hana hata baiskeli. Na anaweza asimtafute msichana.

Mvulana ndiye tunayemwacha wazi. Binti akichelewa dakika kumi nyumba nzima inauliza. Kaka yake akijifungia chumbani na hedifoni mpaka saa nane za usiku tunasema bora yuko nyumbani, hayuko vijiweni. Akirubuniwa, aibu yake ni nzito mara mbili, kwa sababu tumemfundisha kwamba mwanaume haonewi. Akianza kusema, kuna mtu atamcheka. Nimeona watu wazima wakicheka habari za namna hii, na kila mara nawaza kuna mvulana amekaa pale anasikiliza kicheko hicho na kuamua kunyamaza.

La pili ni kudhani kwamba haya ni ya Ulaya, ya watoto wenye chumba chao na kompyuta yao. Mlango umebadilika tu. Gemu za siku hizi zinachezwa kwenye simu ya mama iliyoazimwa, na nyingi zina sehemu ya kuandikiana na kuongea na wageni. Mtoto wa Tanga na mtu mzima wa popote duniani wanaingia uwanja mmoja kwa bando la shilingi chache. Zawadi haihitaji posta: ni vocha, ni bando, ni vito vya ndani ya gemu, ni pesa kwenye simu. Teksi ya Caterham huku ni bodaboda iliyolipiwa, au nauli ya basi iliyoingia kwenye namba ya rafiki. Watu wazima tunataniana sana kuhusu nauli iliyotumwa na mgeni asitokee. Nauli ikitumwa kwa mtoto na mtu asiyejulikana kwao, hapo hakuna utani. Ni hatua ya mwisho kabla ya mkono kumfikia.

Uingereza ilibadilika baada ya miaka ile, ingawa si kwa sababu ya kisa hiki peke yake. Kabla yake sheria ilijikita zaidi kwenye kukutana au kusafiri kwenda kukutana na mtoto baada ya kumrubuni. Sheria ya mwaka 2015 ilifanya mawasiliano yenyewe ya kingono kati ya mtu mzima na mtoto kuwa kosa, ikaanza kutumika Aprili 2017. Mwaka 2023 ikaja sheria ya usalama mtandaoni, inayozibebesha kampuni zenyewe wajibu wa kulinda watoto. Ni mambo mazuri. Lakini rudi kwenye ile simu ya Desemba: hata sheria hizi zingekuwapo, mama hakuwa na ujumbe wa kingono wa kuonyesha. Alikuwa na mwenendo. Sheria inakamata tendo, na kurubuni katika miezi yake ya kwanza kunafanana mno na wema.

Ndiyo maana mama huyo, mwaka uleule aliompoteza mwanawe, aliamua kwenda kuzungumza na watoto wenyewe. Alianzisha taasisi yenye jina la Breck, na kwa miaka sasa anaingia mashuleni kuwasimulia wanafunzi kisa hiki mwanzo hadi mwisho. Herufi za jina la mwanawe amezifanya maagizo: kuwa macho, toa taarifa, elimisha, zungumza, jilinde. Nadhani amelenga panapostahili. Kwenye ile seva waliokuwa karibu kabisa na hatari, wenye masikio ndani ya chumba, walikuwa watoto. Mwenzake Breck mmoja mwenye uhakika kwamba atasikilizwa bila kunyang'anywa gemu yake angekuwa shahidi bora kuliko wazazi wote waliosimama nje ya mlango.

Kwa upande wetu, namba ya kupiga ni 116, simu ya msaada kwa mtoto, na inafanya kazi Tanzania na Kenya. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto; Kenya idara ya upelelezi ina kitengo cha kulinda watoto, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataja kunyanyaswa mtandaoni, hata kupitia michezo ya mtandaoni, kuwa kosa. Tatizo la mzazi wa kwetu mara nyingi ni lilelile la Surrey: anafika akiwa na wasiwasi tu, anaogopa kuambiwa arudi akishakuwa na ushahidi.

Basi usiende na wasiwasi mtupu. Usifute kitu kwenye simu ya mtoto, hata kiwe kinakuchefua. Usimwandikie huyo mtu kumtukana wala kumtisha, maana atafuta kila kitu na kuhamia jina jingine. Piga picha za skrini, na kama kuna picha ya utupu ya mtoto usiisambaze kwa yeyote, wala kwa ndugu, waonyeshe polisi palepale kwenye simu. Andika kwenye karatasi jina analotumia, jina la gemu au kundi, namba iliyotuma pesa au vocha, tarehe ulizoona mabadiliko, na kila ahadi aliyompa mtoto. Ukifika mezani usianze na gemu. Anza hivi: "Kuna mtu mzima anayemtenga mwanangu na sisi, amemwahidi kazi, amemtumia fedha, na anataka wakutane." Kisha uliza kama jina lile na namba ile vimetafutwa kwenye kumbukumbu zao, na kama mtu huyo yuko mkoa mwingine, nani anapeleka taarifa huko. Kaa hapo mpaka upewe namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, yaani RB, au OB ukiwa Kenya, na jina la askari anayelishika jalada. Baada ya siku tatu, rudi uulize.